Tuliwapikia muthokoi, wakatupandishia rent ya shamba

Wakuu, hamjambo. Hii sijaskia kwa mtu, imenipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa hapa mji wa Wote. Nakodi kipande kidogo cha ardhi ya umma kando ya mto, unalipia kwa mwaka. Tuko wengi pale, kila mtu na mistari yake ya sukuma na nyanya.

Hicho kipande ndicho mboga ya nyumbani na ndicho school fees. Sina kingine.

Sasa, msimu uliopita tukaambiwa kuna wageni wa ofisi inayotukodishia wanakuja kuangalia mashamba. Na nyinyi mnajua Mkamba na mgeni.

Tukaitana mwethya, ile kazi yetu ya pamoja. Tukatengeneza matuta, tukang'oa magugu, jogoo akachinjwa, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ukaiva. Wageni wakala, wakapiga picha. Wakiondoka tukawajazia boot sukuma na mapapai.

Mwenyekiti wetu alikuwa na uhakika tunaletewa mradi wa maji.

Kumbe walikuja kupima thamani ya ardhi. Tuliitwa mkutano tukaambiwa rent itakuwa mara mbili, na asiyeweza aachie mwingine.

Tulipolalamika, afisa alijibu kwa upole tu: "Lakini si nyinyi wenyewe mlituonyesha shamba ni zuri?"

Mtu amekula jogoo wako halafu anasema ukweli, utamfanya nini?

Tukaomba warudi waangalie tena, wakakubali. Hapo ndipo ujanja wetu ulipoanza. Tukapatana tusimwagilie mpaka waje, wakute mashamba ya kuhurumiwa.

Wakuu, kuona sukuma yako inalala na maji yako hapo karibu ni uchungu. Usingizi ulinipotea. Wasipopunguza rent, nitalipa na nini? Na wakipunguza, nitakuwa nimebaki na nini cha kuuza?

Jirani yangu shambani, Mama Mwende, mjane wa umri wa mama yangu, alikataa. Kila asubuhi alichota maji kwenye kisima cha mchangani akamwagilia. Watu wakamnunia. Nikatumwa mimi nikamwongeleshe.

Nikamwambia anatuharibia mpango. Hata hakusimamisha kazi.

"Mwanangu, wakiniongezea nitalia," akasema. "Lakini nitalia kama nimeshiba."

Nikarudi kuwaambia wenzangu nimeshindwa.

Leo asubuhi nimefika shambani nikakuta mistari yangu yote imelowa. Mama Mwende alikuwa amekaa chini anasugua magoti, mtungi kando. Mistari yake miwili ilikuwa bado kavu. Alikuwa ameanza na yangu.

Nilichukua mtungi nikamalizia yake.

Wageni wanakuja kesho. Watakuta mashamba yamekauka na vipande viwili vya kijani katikati. Wenzangu wameshajua, na simu zangu hawashiki. Naogopa, sifichi.

Nilichojifunza: kabla hujamchinjia mgeni jogoo, muulize kimemleta nini. Na usiue chakula chako ndio uonewe huruma.

Kama kwenu mliwahi kupandishiwa rent ya shamba, niambieni mliongea aje na watu wa ofisi. Niandikieni usiku huu, kwa sababu kesho asubuhi nitakuwa namwagilia.