Darajani ya Ruwi

Enzi zetu sisi watoto wa Ruwi, mtu hakuhitaji ramani, alihitaji bibi. Wetu alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na haukupita muda akaubatiza mtaa mzima upya. Wadi iliyokatiza mtaani kwetu ilikuwa bonde la mchanga na mawe, maji ni mpaka mvua inyeshe milimani. Upande wake wa pili Bibi akauita Ng'ambo. Soko akaliita Darajani, kama lile la kwao Unguja. Daraja lenyewe halikuwapo, wala hakuna aliyeuliza. Na pale ambapo zamani ndege zilikuwa zikitua, kabla mji haujajaa majumba, palikuwa Kiwanja cha Ndege, ingawa ndege ya mwisho ilishaondoka kabla hatujazaliwa.

Mimi na dada yangu tulikua tukiamini hayo ndiyo majina. Mwalimu wa jiografia alipotutaka tuchore ramani ya mtaa, niliandika Ng'ambo kwa herufi za Kiarabu, nikahangaika na ile ng' mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu, Mmisri, maskini wa watu, aliigeuza karatasi huku na huku, akaniuliza nimechora nchi gani.

Jioni tulicheza nage kwenye mchanga wa wadi, milima imetuzunguka na bado inatoa joto la mchana, mpaka harufu ya iliki itoke jikoni tujue mandazi yameiva. Tuliyala yakiwa ya moto, tukiunguza ndimi na kugombania la mwisho. Watoto wa siku hizi wanaletewa chakula kwa pikipiki mpaka mlangoni, na bado wananuna kuwa kimechelewa.

Siku moja Bibi alikwenda Matrah peke yake kununua vitambaa. Kurudi akapanda teksi, akamwambia dereva, "Darajani." Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu. Dereva akauliza tena, naye akajibu lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Wakazunguka weee. Mwisho Bibi akatoa kichwa dirishani, akamwona mwanamke aliyejitanda kanga.

"Mwanangu, Darajani wapi?"

"Si hapa hapa, bibi! Teremka."

Akateremka. Hapo palikuwa Wadi Kabir, mtaa mwingine kabisa. Kumbe Wazanzibari wa huko nao walikuwa na Darajani yao.

Nyumbani alasiri ikapita, Bibi hajarudi. Baba akaenda kumtafuta Matrah, Mama akawa analia jikoni, na mimi nikakaa mlangoni nimemshika dada yangu mkono. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Magharibi ikiadhiniwa, gari likasimama. Bibi akateremka na bakuli la biriani, na ndani ya gari wanawake wawili wanamuaga utadhani wamezaliwa pamoja.

"Mama, ulikuwa wapi?" Mama akauliza, machozi hayajakauka.

"Darajani. Lakini si hii yetu, ile yao. Nna hakika yao nzuri zaidi, wana na urojo. Ijumaa n'takwenda tena."

Na kweli akaenda, akatuchukua na sisi. Tulipata mashoga huko ambao mpaka leo tunaalikana harusini.

Sasa Ruwi ina mabango kila kona, njia zina namba, na simu inakusemesha mpaka unafika. Juzi nilimwambia mwanangu anisubiri Darajani. Akatafuta kwenye simu, ikamwonyesha soko la Unguja, kule ng'ambo ya bahari.

"Mama, nikukute leo au nikate tiketi?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikampigia dada yangu, nikamwambia tukutane Darajani, na kabla sijamaliza kuegesha gari alikuwa ameshasimama pale sokoni ananipungia. Tumebaki sisi wawili tu tunaopaita hivyo. Tunaombeana umri mrefu kila siku, maana atakayetangulia atamwacha mwenzake aseme "sokoni" tu, kama watu wengine wote.