Kiazi Kilichobaki Chupa Moja

Mlango wa chumba cha kukuzia miche unafunguliwa, na joto linamvaa usoni. Umeme umekatika tangu juzi, jenereta haina dizeli, na mashine ya ubaridi imenyamaza. Mwanamke mwenye koti jeupe anasimama kizingitini, ananusa.

"Ukungu," anasema. "Umeshaingia."

Katika kituo hiki cha utafiti wa mimea wenzake humwita Mama Chupa. Anatunza viazi vikuu vya aina za zamani ambazo wakulima wameziacha. Havipo shambani, ni miche isiyozidi urefu wa kidole, kila mmoja ndani ya chupa yenye jeli ya virutubisho. Kila baada ya miezi kadhaa hukata pingili ya mche kwa kisu kilichopitishwa motoni, na kuihamishia kwenye chupa mpya. Akichelewa, jeli hukauka na mche hufa. Ukungu hauna hata subira hiyo.

Leo anaanzia rafu ya chini, ilipo aina iitwayo Mgongo wa Kobe. Ilikuwa na chupa nne. Tatu zimefunikwa utando mweupe. Ya nne anaigeuza-geuza dirishani, anaiona safi.

"Kwa tunavyojua, hakuna kingine popote," anasema.

Mashambani kiazi hiki kilimalizwa na ugonjwa wa madoa meusi. Watafiti waliwahi kukitamani, maana ghalani huchelewa kuoza, wakatumaini kuirithisha sifa hiyo kwa aina mpya. Lakini hakitoi maua, na bila maua hakiwezi kuchavushwa na aina nyingine. Wakakiweka kando.

Mkuu wa maabara anaingia, haketi.

"Mama, jeli iliyobaki ni kidogo. Tuhamishe aina zile walizoomba wazalishaji wa mbegu tu."

"Na Kobe?"

"Kobe kaombwa na nani?"

"Waliomjua wameshazikwa, bosi. Waombe vipi?"

Mkuu anatabasamu, kisha anafuta miwani ambayo haina vumbi. "Ningekuwa na namna, ningekukatalia?" anauliza. Si uongo. Mkataba wa mfadhili umekwisha na ombi jipya halijajibiwa.

Nyumbani kazi hii ni kichekesho. Wifi yake humtania: "Wifi, unalea viazi kama mapacha, lakini kwako sijatiliwa hata kipande!" Mama Chupa hucheka naye. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuonja Mgongo wa Kobe. Hajui hata nyama yake ina rangi gani.

"Nakijua kwa majani tu," anasema.

Mchana anaikagua tena chupa ya nne. Pembeni ya jeli, mbali kidogo na shina, umetokeza uzi mweupe mwembamba kama unywele. Anaketi. Mche ukihamishiwa jeli mpya, ukungu utahamia nao.

Kisha anauchomoa mche kwa koleo, anaosha jeli kwenye mizizi, anaupanda kwenye kopo la udongo uliochemshwa na kupozwa, na kuufunika kwa mfuko wa plastiki. Majani yaliyokulia chupani hayajui upepo; hunyauka upesi. Hata penye kitalu kizuri miche mingi hufa, na kitalu cha hapa wavu wake umechanika.

"Ukifa je?" mkuu anauliza.

"Humo chupani ungepona?"

Jani la juu limeshaanza kulegea. Wote wawili wanaliona. Mama Chupa anaunyanyua mfuko kidogo, ananyunyiza maji, anaufunga tena kwa uzi.

Mkuu anamuuliza anatarajia nini.

"Ukishika, nitakata pingili nigawe. Kwa majirani, kwa walinzi, kwa yeyote mwenye kauwanja. Sitaki tena kiwe na mahali pamoja tu pa kufia."