Matete Niliyoyapanda Bahi

Watu wa boma la Mdachi walipoyafyeka matete yetu yote waezekee mabanda yao, bwawa lilibaki uchi na ndege wakahama. Baba alikosa raha. Alisema maji yasiyo na ndege yanamtia hofu, nami kwa ubishi wangu wa usichana nikaapa kuwarudisha. Nilichimba mashina yenye vichipukizi ng'ambo ya mbuga, nikayafunga kwa majani mabichi yasikauke njiani, nikayachomeka matopeni moja moja. Nikazungushia miiba, maana ng'ombe hawana adabu. Misimu mitatu nilichekwa kwamba nalima nyasi. Kisha korongo wakaja, na bata mwitu, na vindege vinavyosuka viota juu ya maji. Nilitembea kijijini kichwa juu.

Vita vilipofika, askari walianza kukamata wapagazi. Kaka yangu alikwisha kubeba mizigo safari moja, akarudi na homa isiyoisha; safari ya pili ingemuua. Asubuhi waliposikika wanakuja, nilimwingiza mwenyewe katika matete yangu, maji yakamfika kidevuni. Nikajiona nina akili kweli.

Ndege wote waliruka. Hawakulia. Walizunguka juu ya pale alipojificha, kimya, wala hakuna aliyetua. Mkuu wa askari aliwatazama kwa muda, akaketi ukingoni, bunduki mapajani.

"Mzee, ndege wako watatuambia," alimwambia baba.

Tukakaa naye, baba, mama na mimi, jua likipanda. Hapakuwa na upepo, lakini matete yalitikisika kidogo, yakatulia, yakatikisika tena. Nilitamani ningeyang'oa siku ile ile yalipochipua.

Alasiri korongo mmoja alitua. Akatua wa pili, kisha bata, kisha wote, wakaanza kula kama siku zote. Mkuu alilaani, akasema mtu anayemtafuta ametorokea upande mwingine, akaondoka na askari wake.

Mama alipiga magoti akishukuru. Alinishika mikono, akasema mwanawe ametoroka, matete yangu yamemwokoa.

Baba aliwatazama ndege, nami niliwatazama, na sote wawili tulijua kwamba hawatui penye mtu anayepumua. Akakunja shuka lake, akaanza kuingia majini.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, "kalete ngozi ya kumzikia."