Pinibo ya Mlango wa Kampala

Nianze na mlango kwanza, ingawa nimekaa hapa kuwaandikia habari za pinibo. Bila mlango ule pinibo isingekuwepo, na kichwa changu tangu zamani hakijui kuingilia jambo katikati.

Nilikuwa na umri wa kuaminiwa mbuzi wawili, wa tatu hapana. Zamani hizo wanaume wa kwetu Ngara walikuwa wakienda Uganda kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu, na aliyerudi alirudi na baiskeli. Ndiyo ilikuwa dalili kwamba hukwenda kulala. Jirani yetu mmoja alirudi na yenye dainamo, akawa anaipanda hata kwenda chooni. Baba yangu, Lazaro, alirudi na mlango. Mlango mzima wa mvule, umepakwa rangi ya kijani, na bawaba zake mbili, kaubeba kichwani tangu pale lori lilipomshusha. Mama alitoka na mikono yake yenye unga wa mihogo, akautazama, akamtazama.

"Lazaro, wenzako wameleta baiskeli. Huu tutaupanda kwenda wapi?"

Baba akajibu, "Baiskeli inampeleka mtu. Mlango unamngoja."

Mama hakucheka siku hiyo, alicheka siku ya tatu.

Basi ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa. Wenzangu wa rika langu hamhitaji kusimuliwa. Tulihamishwa kutoka kwenye migomba yetu tukapangwa kwenye mstari kama watoto wa shule, nyumba hii na hii, na mimi kwa kweli nilifurahi, maana kule juu nilikuwa nacheza na mbuzi, huku chini Kibimba nikapata watoto thelathini wa kucheza nao. Wakubwa walinung'unika, sisi tulishangilia. Lakini nyumba mpya ya miti na nyasi ilikuwa na tundu dogo la kuingilia, mlango wa Kampala haukuingia. Baba akauegemeza ukutani, kuku wakataga nyuma yake, na mlangoni pakaning'inizwa mkeka. Mvua ikinyesha ya upepo mama alikuwa akisema, "Mlango wa Kampala hauzuii mvua ya Kibimba." Alisema hivyo hata siku za jua.

Sasa nimefika. Huko Kampala baba aliwahi kufagia katika duka moja lenye mashine ya mchezo. Alituhadithia mara nyingi mpaka tukawa tunaiona: gololi ya chuma inarushwa, inapanda, inashuka inagonga huku na huku, kengele zinalia, taa zinawaka, na mtu mzima amevaa tai anatokwa jasho kwa ajili ya gololi. Iliitwa pinibo. Siku moja ya mvua, kwa kuchoka maneno ya mama nadhani, aliulaza ule mlango juu ya magogo, akauinua upande mmoja kwa jiwe, akaanza kupigilia misumari.

Misumari haikuwepo dukani. Tuliichomoa kwenye mahame yetu ya zamani, tukainyoosha juu ya jiwe, na vidole vyangu viwili hivi havijawahi kurudi sawa. Gololi ilitoka kwenye beringi ya lori lililofia barabarani. Kengele zilikuwa vipande vya mikebe ya samaki. Cha kurushia kilikuwa kijiti na mpira wa tyubu, na kule chini palikuwa na vibao viwili vya kuvuta kwa kamba, vya kuirudisha gololi juu isizame. Vibao hivyo baba aliviita makofi. Gololi ikipita katikati ya makofi, tulisema imekwenda Kampala, yaani imepotea. Kila msumari ulikuwa na jina, kila shimo lilikuwa na alama zake. Kutikisa mlango ilikuwa dhambi, kupuliza kwa mdomo ilikuwa dhambi kubwa zaidi, na wazee walikuwa ndio wapulizaji wakubwa.

Shimo moja, dogo, pembeni juu kabisa, lilikuwa la kuogopwa. Gololi ikiingia humo ilikuwa imekula alama zote za mpinzani, anabaki sifuri. Baba aliliandikia kwa nondo ya moto. Alikuwa kiranja wa kisomo cha watu wazima, yeye ndiye aliyekuwa akiwanyooshea wenzake herufi, na cheti chake kilikaa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na rozari. Akaandika kwa herufi kubwa: KURA.

Nyie mnacheka. Sisi Wahangaza ulimi wetu unapenda r. Kula tunasema kura, kulala tunasema kurara, na baba aliandika kama alivyosema. Hakuna Mhangaza hata mmoja aliyeona kosa. Tuliishi na shimo hilo kwa raha miaka mitatu mizima.

Pinibo ikaenea kama surua. Jirani zetu wa Nyamigogo wakatengeneza yao kwa meza ya mkutano, ikawa kesi. Kaniha kule Biharamulo wakatengeneza nzuri kuliko ya Nyamigogo. Yakaanza mashindano ya kijiji kwa kijiji, watu wakitembea na kulala njiani, na mwalimu wa shule yetu, mtu wa Tanga, ndiye mwamuzi, kwa kuwa hakuwa na ndugu upande wowote. Sheria ilikuwa moja na kali: ubao unamfuata mshindi, na aliyeutengeneza ndiye anayeubeba mpaka kwao. Kaniha walikuwa wameshaichukua ya Nyamigogo. Msimu wa mahindi mabichi wakaleta salamu kwamba sasa wanaufuata mlango.

Wakati huo vita na Uganda vilikuwa vimeanza. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda na mgambo, malori yalipita usiku na mchana, na hatukusema tena gololi imekwenda Kampala, maana ilionekana kama kuwatakia mabaya vijana wetu. Baba hakuchukuliwa kwa ajili ya kifua chake. Hilo lilimuuma. Kijiji kilibaki cha wanawake, watoto, wazee, na pinibo.

Wa Kaniha wakaja saba, wakiongozwa na Masanja, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alimwamkia mama vizuri, akala ugali wetu, kisha akautazama mlango akasema, "Utatosha kwangu huu. Nimeshaacha tundu."

Mama akamwambia, "Rudi ukaliziba, mwanangu."

Walicheza watatu kwa watatu: mtu mzima, kijana, na mtoto. Baba alicheza vizuri, kijana wetu akaharibu, na mtoto nilikuwa mimi, Deo, wa mwisho kabisa. Tulikuwa nyuma mbali. Ilibaki gololi moja. Nilivuta kijiti mpaka mpira wa tyubu ukalia, nikaachia. Ilipanda, ikagonga mkebe, ikazunguka msumari tuliouita Bikira, ikasimama ukingoni kama mtu anayefikiri. Kisha ikadondoka ndani ya lile shimo.

"Imekura! Imekura!" Kibimba nzima ilipiga yowe. Nilibebwa juu.

Masanja akainama, akasoma kwa kidole. Sasa wenzetu Wasukuma wao ulimi wao unapenda l. Akasimama akasema, "Haijala kitu hii. Ubao umeandika kula. Basi tupige kula, mikono juu."

"Ndiyo, kura! Imekura!"

"Ndiyo, kula! Tupige!"

"Sasa mnabisha nini? Si mnakubali ni kura?"

"Ndiyo tunakubali ni kula!"

Walibishana hivyo mpaka jua likahama, kila mtu akikubali na mishipa imemtoka shingoni. Na msimcheke Masanja. Siku zile hata ng'ombe akipotea ulipigwa mkutano na kura. Kwa nini shimo lisiwe na kura?

Mwalimu akapuliza filimbi. Alikuwa mtu pekee pale aliyeweza kuyasema maneno yote mawili. Akamgeukia baba.

"Mzee Lazaro, wewe ndiye uliyeandika. Ni kula ya mdomo, au kura ya mkono?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, ya mdomo, na mlango ungebaki. Lakini baba aliliona lile darasa lake zima la kisomo limesimama mbele yake, wale aliowashika mikono kuwaonyesha a na be.

"Niliandika nilichokusudia," akasema. "Kura. Ya mkono."

Nadhani alipiga hesabu kwamba sisi ni wengi, wao ni saba, kura itatupa ushindi na kosa litafunikwa hapo hapo. Hata mimi niliona hivyo. Mwalimu akasema watoto hawapigi. Kisha akauliza, "Wanaotaka ubao uende Kaniha?"

Wakanyoosha wale saba. Halafu, taratibu, wakanyoosha wanawake wa Kibimba. Mmoja mwenye jembe begani alisema, "Uende! Miaka mitatu mume wangu anapalilia misumari." Mwingine akasema, "Uende, watoto wachote maji!" Wakaanza kucheka, mikono ikazidi, hata bibi aliyekuwa amesinzia akaamshwa anyooshe.

"Wanaotaka ubaki?"

Wazee wanne, watano. Na katika wanawake wote wa Kibimba, mkono mmoja. Wa mama. Wenzake walimzomea, "Wewe si ndiye unayeutukana kila siku?" Akasema, "Nautukana kwa sababu ni wangu." Hakuushusha mkono mpaka mwalimu alipomwambia basi mama Deo, tumekuona.

Baba naye aliuona. Aliuangalia ule mkono kwa muda mrefu kuliko alivyoiangalia gololi.

Masanja, kwa ubinadamu wake, alisema wataubeba wenyewe. Baba akakataa, sheria ni sheria. Mama akamfungia viazi kwenye jani la mgomba. "Lazaro, kifua chako."

"Nilitoka nao mbali kuliko huko," baba akasema. "Nitarudi Jumapili kabla ya misa."

Akaupandisha kichwani, misumari ikitazama juu. Kwa nyuma huoni mtu, unaona mlango wa kijani na miguu miwili.

Jumapili ile haikufika, wala nyingine. Tulimuulizia, lakini wakati wa vita watu walikuwa wakiuliziwa wengi. Mimi sikurudi shule sana baada ya hapo, jembe lilinihitaji. Mama hakuweka mlango mwingine, alibadilisha mikeka tu, na ule usemi wake wa mvua hakuusema tena.

Leo mjukuu wangu ana pinibo ndani ya simu. Ya kweli kabisa, yenye taa, kama ile ya baba ya Kampala. Anaicheza amelala chali, peke yake, hana wa kumpulizia gololi wala wa kugombana naye. Akishindwa anabonyeza, inaanza upya. Nilimuuliza, mjukuu wangu, ukishinda unakwenda kuchukua ubao wa nani? Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Vidole vyake vimenyooka vizuri, lakini. Hilo nalisifu.

Nilipokuwa kijana mwenye ndevu nilikwenda Kaniha. Masanja alikuwa bado hai, alinipokea kama mwanawe. Mlango ulikuwa kwenye nyumba yake, umeingia sawasawa, matundu ya misumari yamejaa moshi. Alinionyesha pembeni juu. Tumbo la ile R lilikuwa limechongwa likaondolewa, na mguu wake umelazwa chini. Neno sasa likasomeka KULA.

"Aliufikisha hapa jioni," Masanja akaniambia. "Tukamkalibisha akae. Akaomba kisu, akafanya hilo. Akanywa maji, akatushukulu. Nikamwambia, mzee, kwenu ni huku. Akasema anajua."

Kisha akasimama, baba yangu Lazaro, kichwa chake kikiwa kitupu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akashika barabara ya kwenda Kampala, ile ambayo haiji Kibimba.