Siku Tatu za Samaki, Dakika Moja ya Lukeba

Samaki nilikuwa nawapandisha kwa siku tatu. Mdogo wangu nilimpandisha kwa dakika moja.

Najua mtasema ni vita. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka nilipofungua droo ya patroni.

Ilikuwa 1996, Rumonge, kusini mwa Bujumbura. Mimi Feruzi, mdogo wangu Lukeba, wote wazaliwa wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Patroni Maneno, tajiri wetu, alitupa kazi iliyowachekesha majirani: kukamata samaki wa rangi, wadogo kama kidole, wa kupelekwa Ulaya kwa ndege. Si wa kula. Wa kutazamwa tu ndani ya kioo.

"Muzungu anamulisha samaki, halafu hamuli?" aliuliza mke wangu, Mwavita.

"Hamuli."

"Basi huyo ameshiba kweli."

Lukeba ndiye aliyepiga mbizi. Mpira wa hewa mdomoni, kompresa ya kumsukumia hewa inanguruma mtumbwini, yeye mita arobaini chini. Mimi nilibaki juu na kamba mbili: moja ya kikapu cha samaki, moja ya kiuno chake.

Samaki wa kina ana kifuko cha hewa tumboni. Ukimvuta haraka kinavimba, anakufa. Kwa hiyo kikapu unakipandisha pima chache asubuhi, pima chache jioni, siku tatu nzima. Mnunuzi ndivyo alivyotaka. Samaki akifika mfu, hapokelewi.

"Na Lukeba je?" niliwahi kuuliza.

"Lukeba ni samaki?" Patroni alicheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa lebo. Karatasi inalowa, kwa hiyo patroni alinipa plastiki nyeupe iliyokuja na kompresa, upande mmoja umejaa namba na Kijerumani. "Ni mambo ya injini. Kata." Nikakata vipande, nikaandika majina ya samaki upande wa pili, nikavifunga kwenye mifuko yao. Vikaenda Ulaya.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, saa nne asubuhi, Lukeba yuko chini karibu saa nzima, risasi zikalia ufukweni.

Patroni, aliyekuja nasi siku hiyo, alilala kifudifudi mtumbwini. "Vuta mutoto, twende. Samaki waache chini, wasipasuke."

Nikavuta kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Nilidhani namwokoa.

Lukeba alitoka anacheka. "Iko nini, yaya?" Kwetu yaya ni kaka mkubwa.

Nusu saa baadaye, tuko mchangani, akajishika magoti. "Yaya, miguu yangu siisikii."

Hospitali walikuwa na vidonge vya maumivu na pole. Miguu haikurudi.

Na zile risasi? Jioni tuliambiwa. Askari walikuwa wanaua kiboko, nyama ikauzwa kando ya barabara.

Kikapu nilikipandisha taratibu, kama ilivyotakiwa. Siku ya tatu samaki walitoka wazima wote.

Wiki iliyofuata patroni alishapata mpiga mbizi mwingine, Exaucé wa Gitaza. Akanituma makasi kwenye droo, nikate lebo mpya.

Chini ya makasi palikuwa na bahasha kutoka Ulaya, imeshafunguliwa. Ndani, vipande vyangu vya plastiki, vimeunganishwa kwa utepe wa gundi, mwandiko wangu nyuma yake. Pamoja na barua ya Kifaransa. Shule nilifika la sita, ilinitosha.

Mtu anayefungua maboksi kule aliandika kwamba naye hupiga mbizi. Mnachokikata si cha injini, alisema. Ni kanuni ya kumpandisha mtu: asimame mita ngapi, dakika ngapi, ndipo atoke. Akivutwa moja kwa moja, atapooza au atakufa. Kama watu wenu hawana kanuni hii, msiwateremshe. Hatupokei samaki mpaka mtujibu.

Muhuri wa posta ya Bujumbura, ilipopokelewa: tarehe kumi na nne, mwezi wa tano. Lukeba nilimvuta tarehe ishirini na nane.

Nikampelekea patroni bahasha badala ya makasi.

Hakukana. "Niliwajibu kwamba tunayo kanuni nyingine. Wangeacha kununua, mungekula nini? Tena sahihi kwenye jibu hilo ulitia wewe, Feruzi."

Nikaikumbuka. Karatasi aliyosema ni ya ndege. Nilisaini bila kusoma, mikono imelowa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Lukeba na ile bahasha. Aliviweka vile vipande juu ya mapaja yake, akafuata namba kwa kidole.

"Hapa ningesimama. Na hapa. Na hapa tena." Akagusa kingo zilizokatwa. "Nani alikata?"

"Mimi."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Exaucé anashuka saa ngapi kesho?"

"Saa mbili."

Akanirudishia plastiki. "Basi umupelekee leo, yaya. Na kamba yake ushike wewe."

Ndugu msomaji, kanuni iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua, usiikate kabla hujauliza inamlinda nani. Na karatasi usiyoisoma usiisaini. Mimi nilifanya yote mawili, na aliyelipa ni Lukeba.