Tomoe: Mshona pochi aliyeshindwa kukata kimono ya mwanawe

Saa mbili asubuhi, Tomoe Kurahashi ameshika mkasi juu ya kipande cha hariri ya zambarau, na hakati. Anakigeuza, anakisogeza kidogo kushoto, anafumba jicho moja. Korongo walionakshiwa humo wana shingo ndefu, na pochi nyembamba hukunjwa katikati.

"Mkunjo ukipita shingoni, umemuua ndege," anasema. Kisha anakata.

Kwa miaka thelathini mama huyu mwenye umri wa miaka 66 amekuwa akishona pochi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Nishijin, mtaa wa wafumaji mjini Kyoto, Japani. Watu humletea kimono za mama na bibi zao waliofariki. Huibandika hariri kwenye karatasi ngumu kwa gundi ya mchele, hukunja kingo kwa kijiti cha mfupa, na pochi hutoka nyembamba kiasi cha kulala kifuani bila kuonekana. Kwa siku hutoa tatu, kila moja yeni 9,000, na hariri kuukuu ikichanika, hasara ni yake.

"Huyu amekata kimono za nusu ya mtaa," anatania Eizo Hamuro, mfumaji jirani ambaye hunywa chai hapa kila asubuhi. "Ya kwake tu ndiyo ilimshinda."

"Kunywa chai yako, mzee, unyamaze."

Lakini Eizo anasema kweli. Kimono hiyo ilikaa kabatini, na mikono yake mirefu inayokaribia vifundo vya miguu, ile wanayovaa wasichana ambao hawajaolewa. Tomoe aliishona kwa miezi saba ili binti yake wa pekee, Shiori, aivae kwenye sherehe ya kutimiza miaka ishirini. Asubuhi ya sherehe Shiori akasema havai. Alikuwa amepata kazi ya kuoka mikate Hakodate, mbali kaskazini, na hakutaka kurithi sindano ya mtu.

"Nikamwambia, usipoivaa leo, usirudi hapa," anasema Tomoe. "Nilidhani atalia, kisha avae. Akavaa viatu, akaondoka."

Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita. Kila kiangazi mama aliitoa kimono, akaianika kivulini, akaikunja tena. Anakiri kwamba amemkumbuka mwanawe hadi kuumwa. Mlango wa mbele ukisukumwa, bado hugeuka haraka mno.

Februari hii ikaja kadi ya posta, ina mistari miwili tu: "Mama, ile kimono ikate mikono. Kitambaa kitakachobaki nishonee pochi."

Tomoe akapandwa na hasira. "Miaka yote hiyo hajauliza kama nipo hai, leo anataka niharibu nguo yake apate pa kuweka noti!" Akamrushia Eizo ile kadi.

Mzee akaisoma mara mbili. "Dada yangu, wewe ni fundi kweli? Mikono mirefu hukatwa lini?"

Mtaa mzima unajua jibu. Mwanamke akiolewa, mikono ya kimono yake ya usichana hufupishwa ili aendelee kuivaa.

"Niliketi palepale sakafuni," anasema Tomoe. "Kumbe mwanangu ameolewa. Kumbe anataka kuivaa. Na mimi nilikuwa natukana."

Hariri anayoikata asubuhi hii imetoka kwenye mkono wa pili wa kimono hiyo. Eizo anamshauri aitume kwa posta, siku mbili tatu itakuwa imefika. Tomoe anatikisa kichwa.

"Niliyemfukuza ni mimi. Wa kwenda ni mimi."

Ijumaa atapanda treni kwenda Hakodate, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na kimono mkobani. Pochi moja imekwisha kukauka. Anayoishona sasa ni ya pili, na mwandishi anamuuliza ni ya nani.

"Ya mume wake." Anakisugua kitambaa kwa kidole gumba, taratibu. "Sijui hata anaitwa nani. Wakinifungulia mlango, nitamuuliza."