Ruta Iliyochaguliwa kwa Mgongo wa Mkono

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kila kitu nyumbani kwake hukaa kimevaa. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, hata birika lina koti. Ruta ya intaneti nayo aliishonea kifuniko kizito chenye pindo la samawati, ikakaa juu ya kabati imejifunika gubigubi.

Chuo kimoja cha ushonaji kilitaka afundishe ukataji wa nguo kwa video, akiwa nyumbani. Somo la majaribio lilikatika katikati ya kola. Picha yake iliganda, mkasi hewani. Mkuu wa chuo alimruhusu kurudia Jumatatu. Likikatika tena, darasa angepewa mwingine.

Nilisomea ufundi wa umeme, kwa hiyo aliniita. Nilipoivua ruta kifuniko, ilinichoma kiganja. Ilikuwa imeungua ndani.

"Shangazi, chombo hiki hupumulia kwenye haya matundu."

Alishika kiuno. "Kumbe nimemvika sweta mgonjwa wa homa!"

Jumamosi tulikwenda dukani pamoja na mumewe, ambaye papo hapo alivutiwa na ruta nyeusi yenye antena nane.

"Mke wangu, chukua hili dume."

"Dume, au buibui aliyelala chali?"

"Mama, hiyo ndiyo inayonunuliwa sana," alisema muuzaji.

"Sawa, mwanangu. Iwashe, na ile fupi ya kijivu pia. Zifanye kazi kwelikweli."

Niliunganisha simu zetu na ruta zote mbili, tukafungua video, tukasubiri huku muuzaji akihudumia wengine na kututupia jicho. Hatimaye shangazi aligusa kila moja kwa mgongo wa vidole, kama anavyoipima pasi kabla ya kuishusha juu ya hariri. Ile ya antena aliiachia upesi. Ile ya kijivu, yenye matundu pande zote, ilikuwa vuguvugu tu. Nyuma yake niliona matundu ya kuchomekea waya.

"Tutavuta waya hadi meza ya kukatia," nilimwambia. "Hapo antena hazitakuongezea kitu."

"Basi ni hii."

"Lakini haina sura!" mumewe alilalamika.

"Hata wewe sikukuchagua kwa sababu ya sura, baba watoto, na mpaka leo unafanya kazi."

Muuzaji aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

Jumatatu ruta ilikaa wazi kabisa, waya umenyooshwa hadi mezani. Shangazi alikata kola, akaigeuza, akazichokoa pembe zake mpaka zikachongoka. Picha haikuganda hata mara moja. Kwenye skrini, mkuu wa chuo alitazama, mikono kifuani, hadi mshono wa mwisho.

"Mwalimu," alisema, "darasa ni lako. Ila wanafunzi wanakataa kuondoka. Wanauliza kama unaweza kuendelea na mkono wa shati."

Shangazi alikuwa ameshatandika kitambaa kingine. "Sogezeni viti," aliwaambia.

Nyuma ya mlango mumewe alipiga mbinja iliyosikika mpaka chuoni, na hakuna aliyemnyamazisha.